Kuuliza Njia Mlimani: Utangulizi wa Elimu ya Vyombo vya Kuelekeza Njia

Elimu ya vyombo vya kuelekeza njia ni fani ambayo Watanzania wengi wanaitumia kila siku bila kuisomea. Anayemwambia dereva wa bodaboda "nakurushia lokesheni" ameshaingia ndani yake. Vivyo hivyo mama anayesubiri mzigo wake sokoni Kiborloni, mpima ardhi wa halmashauri, kiongozi wa watalii wa Machame na dereva wa basi la Moshi kwenda Dar es Salaam. Wote wanaitegemea. Kilichobaki ni kuijua kwa undani: nini hutokea simu inaposema "pinda kushoto", na kwa nini jibu lake hutofautiana na la kifaa cha GPS cha mkononi au la kioo kilichojengewa kwenye dashibodi ya gari.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kipi bora kati ya hivyo vitatu. Ni swali la haki, maana vifaa hivi hununuliwa kwa fedha iliyotafutwa kwa jasho. Ila kabla ya kulijibu yafaa kujua kwamba kila chombo kinafanya kazi tatu kwa mpigo: kinatambua mahali kilipo, kinabeba ramani, na kinachagua njia. Kazi ya kwanza vyote huifanya vizuri. Ya pili ndiyo inayovitenganisha, na ya tatu haiwezi kuwa nzuri kuliko ya pili. Sijui mahali panapoonyesha hilo waziwazi kama miteremko ya Kilimanjaro.

Tuanze na kazi ya kwanza, ya kutambua mahali. GPS ni mfumo wa setilaiti wa jeshi la Marekani. Mradi wake ulianza mwaka 1973, setilaiti ya kwanza ikarushwa 1978, na mwaka 1995 mfumo ukatangazwa kuwa umekamilika. Ahadi ya kuwafungulia raia ilitolewa mwaka 1983, baada ya ndege ya abiria ya Korea Kusini kupotea njia na kutunguliwa na Wasovieti. Hata hivyo, kwa miaka mingi jeshi lilivuruga kwa makusudi mawimbi yaliyokuwa wazi kwa raia, hata mtu akaonyeshwa yuko umbali wa mita 100 kutoka alipo. Uvurugaji huo ulizimwa Mei 2000. Usingezimwa, programu za simu zisingeweza hata kutofautisha barabara mbili zilizo jirani pale katikati ya mji wa Moshi. Siku hizi simu nyingi husikiliza pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China.

Setilaiti za GPS huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja ina saa ya atomiki, na kazi yake ni kutangaza ni ipi, iko wapi na saa ni ngapi. Kipokezi hupima muda ambao tangazo limetumia njiani, huugeuza kuwa umbali, na kikipata setilaiti nne hukokotoa latitudo, longitudo, kimo na kosa la saa yake chenyewe. Hakirudishi neno lolote juu. Ndiyo maana simu isiyo na laini wala bando bado inajua ilipo. Nalisisitiza hili kwa sababu wanafunzi wengi huja wakiamini kwamba bando likiisha GPS nayo inakufa. Kinachokufa ni ramani, ambayo simu ilikuwa ikiivuta kipande kwa kipande kutoka mtandaoni. Ukiipakua kabla ya kuondoka nyumbani, utafika Rombo na kurudi bila kutumia hata megabaiti moja.

Ushahidi kwamba kipokezi na ramani ni vitu viwili tofauti umeegeshwa kila siku stendi ya Moshi. Magari mengi tunayoendesha, Noah, IST na Probox, yametumika Japani kwanza, na Wajapani ndio waliotangulia kuweka ramani ndani ya gari. Honda ilitoa chombo chake mwaka 1981, hata kabla raia hawajapata GPS: kilikisia mwendo kwa jairo, na ramani zake zilichapwa kwenye karatasi angavu. Mwaka 1990 Mazda ikauza gari lenye GPS iliyojengewa ndani. Basi gari likishuka bandarini Dar es Salaam likapandishwa mpaka huku, kioo chake kinaendelea kuandika Kijapani, na ramani iliyomo inaishia kwenye visiwa vya Japani. Kipokezi cha gari hilo hakina kosa lolote. Kikiwashwa mjini Moshi kinaweza kupata nyuzi 3 na dakika 20 kusini, nyuzi 37 na dakika 20 mashariki, sawasawa kabisa. Kimekosa ramani ya mahali hapo. Wenye magari wengi hukiondoa na kuweka redio ya Android, ambayo kwa kazi hii haina tofauti kubwa na simu.

Kwa gari jipya lenye ramani ya Tanzania hali ni nyingine. Antena hukaa juu ya paa, na vihisi vya magurudumu huendelea kuhesabu mwendo mawimbi yanapokatika ndani ya handaki. Ni faida kubwa kwa mkazi wa Oslo. Kwa mkazi wa Uru faida hiyo ni ndogo, kwa kuwa hana handaki la kupita, wakati ramani ya gari husubiri kusasishwa huku ya simu ikibadilika mara kwa mara. Kisha iko GPS ya gari ambayo wengi hawaihesabu: kifaa kilichofungwa kwenye mabasi ya mikoani chini ya mfumo wa LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwenendo wa magari. Hiki hakimwelekezi dereva popote. Kinaripoti mahali basi lilipo na kasi yake. Ukipanda basi Moshi kwenda Dar es Salaam, yaelekea GPS muhimu kuliko zote humo ndani ni hiyo usiyoiona, na mimi nafurahi kwamba ipo.

Sasa tupande mlimani, ambako ramani inakutana na mtihani wake.

Mito inayoshuka kutoka msitu wa Kilimanjaro imechimba makorongo marefu kuelekea tambarare. Kati ya korongo na korongo pana mgongo wa ardhi, na juu ya migongo hiyo ndipo watu wanapoishi: vihamba vya migomba na kahawa, shule, kanisa, duka la vocha. Barabara za magari hupanda na mgongo kutoka barabara kuu ya chini. Zinazovuka kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine ni chache. Nyumba mbili zinaweza kutazamana kiasi cha watu kuitana kwa sauti, lakini gari likitaka kutoka moja kwenda nyingine litateremka hadi chini kabisa, lifuate barabara kuu, kisha lipande upya.

Chukua kijana aliyezaliwa Dar es Salaam anayekuja Kibosho mwezi Desemba, wakati nusu ya nchi inaonekana kurudi Moshi kwa Krismasi. Baba ametangulia na basi. Kijana anaendesha mwenyewe, na simu inamwambia imebaki kilomita moja, apinde kulia. Anapinda. Barabara inapungua upana mpaka masale ya uzio yanakwangua milango, kisha inateremka ghafla. Mbele yake ni ngazi zilizochongwa kwenye udongo mwekundu, chini kuna mto, na juu ya mto magogo mawili yamelazwa pamoja. Mama aliyebeba majani ya ng'ombe kichwani anasimama pembeni kumpisha, anatazama gari, anamwambia kwa upole: "Mwanangu, hapa gari halipiti. Rudi mpaka kanisani, ushuke hadi lami, upandie Umbwe." Kijana anarudi kinyumenyume, na kama mvua imenyesha, utelezi wa udongo ule utamfundisha mengi.

Kipokezi cha simu hakikumdanganya. Alikuwa kilomita moja kweli. Ramani ilikuwa na mstari mahali penye njia, lakini haikusema kwamba ni njia ya miguu. Kosa hili lina sababu inayoeleweka. Kampuni kubwa hutengeneza ramani kwa picha za angani, kwa taarifa za serikali na kwa nyendo za simu za watu. Picha ya angani haioni vizuri chini ya migomba na miti ya kivuli. Na nyendo za simu zinaonyesha kwamba watu wanapita pale, jambo ambalo ni kweli kabisa, wanapita kwa miguu.

Ubishi kati ya aliyefika na aliyechora akiwa mbali ni wa zamani mlimani hapa. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, aliuona mlima huu na kuandika kwamba kileleni pana theluji. William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani za Afrika aliyekaa London, alimpinga kwa miaka mingi. Cooley alikuwa msomi wa kweli, tena hodari wa kulinganisha maandishi. Kilimanjaro hakuwahi kufika.

Ndiyo maana napenda msomaji mpya aijue mapema OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, inayochorwa na watu wa kujitolea na kutumiwa na yeyote. Dar es Salaam imeonyesha nguvu yake: kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora mifereji, nyumba na vichochoro vya kata zinazofurika. Programu kama OsmAnd na Organic Maps huisoma ramani hiyo simu ikiwa haina mtandao. Ndani yake njia ya miguu ina alama yake na ya gari ina alama yake, mradi tu awepo mtu wa pale aliyeiandika. Asipokuwepo, korongo linabaki bila onyo kama kwenye ramani nyingine yoyote. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 nayo imesaidia kwa kuzipa barabara majina na nyumba namba, lakini namba ya nyumba haisemi kama daraja linabeba gari.

Na kifaa cha GPS cha mkononi? Mwaka 2009 Google ilipotangaza uelekezaji wa bure kwenye simu, hisa za kampuni za vifaa vya GPS, Garmin na TomTom, ziliporomoka, na wengi wakadhani vifaa vyao vimefikia mwisho. Kwa dereva wa mjini ni kama vilifika. Kwa anayepanda kilele cha Uhuru hadithi ni nyingine. Safari ya mwisho kuelekea kileleni huanza karibu na usiku wa manane, kwenye baridi iliyo chini ya sifuri, na betri ya simu huishiwa nguvu haraka au kuzima kabisa. Kifaa cha mkononi kina vitufe vinavyobonyezeka kwa glavu, na vingi hutumia betri za kawaida unazoweza kubadilisha gizani. Shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi kambi ya Horombo mwaka 2022, jambo jema kwa mawasiliano na uokoaji, ila mtandao hauipashi betri joto. Anayepima mashamba au kuchora mifereji ya asili naye bado atakipenda kifaa hiki.

Atakayekitumia ajue mitego miwili. Ramani za karatasi za serikali za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, ilhali GPS inatumia WGS84. Ukichanganya mifumo hiyo bila kusahihisha, nukta yako inahama takriban mita 300. Kwenye tambarare ya Kahe utaweza kusamehewa. Mlimani mita 300 zinatosha kukuweka mgongo usio wako. Mtego wa pili ni kimo. GPS hukipima kutoka kwenye umbo la kihisabati la dunia, na hapa Kilimanjaro umbo hilo liko takriban mita 15 juu ya usawa wa bahari, hivyo kimo kisichosahihishwa husomeka pungufu. Kimo maarufu cha mita 5,895 kilitokana na vipimo vya Waingereza mwaka 1952. Wapimaji waliopanda na vipokezi vya GPS mwaka 1999 na 2008 walipata mita chache pungufu, mlima ukiwa ule ule.

Uko pia upande wa mtumiaji mwenyewe, ambao nauona mtamu kuliko yote. Mwaka 2008 Toru Ishikawa na wenzake huko Japani walilinganisha watembea kwa miguu walioongozwa na GPS ya simu, waliotumia ramani ya karatasi, na walioonyeshwa njia na mtu kwanza. Wa GPS walitembea umbali mrefu zaidi, wakasimama mara nyingi zaidi, na walipoombwa kuchora walikopita walichora vibaya kuliko walioonyeshwa njia na mtu. Utafiti wa aina hiyo ungefaa sana hapa, mahali ambapo watoto hufundishwa njia kwa juu na chini ya mlima.

Kwa hiyo anayeniuliza anunue nini namjibu hivi: kwa mji wa Moshi na barabara za lami, simu yenye ramani iliyopakuliwa inatosha; kwa kileleni na kwa upimaji, tafuta kifaa cha mkononi; kioo cha gari usikilipie zaidi kwa ajili ya njia za huku. Na wewe unayeanza kujifunza, nakuomba uanze na mgongo wa kwenu. Shuka mpaka kwenye kila daraja, angalia kama linabeba gari, pikipiki au watu tu, uliza hali yake wakati wa masika, kisha uliandike kwenye OpenStreetMap. Kujiunga ni bure.