Uorodheshaji wa machapisho ya sheria

Uorodheshaji wa machapisho ya sheria ni kazi ya maktaba ya kuandika taarifa za kila kitabu, jarida, ripoti ya kesi au hati ya sheria, kuipa namba ya mahali pake rafuni na kuiandaa kwa matumizi ya wasomaji. Katika maktaba ya chuo kikuu kazi hiyo husimamiwa na mkutubi mwenye wasaidizi chini yake.

Uorodheshaji wa sheria unahitaji uangalifu kuliko wa masomo mengi. Kitabu cha hadithi kilichowekwa mahali pasipo pake humchelewesha msomaji tu. Sheria iliyoorodheshwa vibaya inaweza kumfanya ategemee kifungu kilichokwisha kufutwa, au asijue kabisa kwamba maktaba inayo sheria anayoitafuta.

Historia nchini Tanzania

Masomo ya sheria ya ngazi ya chuo kikuu yalianza Tanganyika mnamo Oktoba 1961. Kitivo cha Sheria kilikuwa kitivo cha kwanza cha chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Masomo yalianzia katika jengo la TANU, na mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani. Leo sheria hufundishwa pia katika vyuo vingine, kikiwemo Chuo Kikuu cha Mzumbe chenye ndaki mjini Mbeya, mji mkubwa ulio karibu na Tukuyu. Wasaidizi wengi wa maktaba nchini husomea Bagamoyo, katika chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Hatua za kazi

Kitabu kipya hupitia hatua zifuatazo:

1. Kupokelewa: hulinganishwa na hati ya ununuzi, hupigwa muhuri na kupewa namba katika daftari la mapokezi.
2. Kuorodheshwa: mwandishi, jina la kitabu, toleo, mchapishaji, mwaka na mada huandikwa katika katalogi.
3. Kuainishwa: hupewa namba ya somo.
4. Kuandaliwa: hubandikwa namba mgongoni, magazeti na ripoti zilizo huru hujalidiwa.
5. Kukaguliwa: msimamizi hulinganisha kitabu chenyewe na rekodi yake kabla hakijapelekwa rafuni.

Mifumo ya uainishaji

Katika mfumo wa Dewey sheria iko chini ya namba 340. Sheria ya jinai ni 345, na sheria za Tanzania kwa ujumla ni 349.678. Mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani hutumia herufi K: Tanzania ni KTT, Kenya ni KSK na Uganda ni KTW. Sehemu hiyo ya K ilichelewa kukamilika kuliko masomo mengine. Mwaka 1968 Mwingereza Elizabeth Moys alitoa mfumo maalumu wa vitabu vya sheria, ambao unaweza kutumika pamoja na mojawapo ya mifumo hiyo miwili.

Sheria zinazobadilika

Sheria za Tanzania zilikusanywa upya katika toleo la 2002. Baadhi zilichapwa tena katika toleo la 2019, na Toleo la Urekebu la 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Matoleo ya zamani hayatupwi, kwa sababu mwanasheria huweza kuhitaji kujua sheria ilivyokuwa siku tukio lilipotokea. Kila toleo hupewa rekodi yake, na rekodi ya zamani huongezewa maelezo yanayomwelekeza msomaji kwenye toleo jipya.

Mfano ni sheria ya mwaka 2002 kuhusu utatuzi wa migogoro ya ardhi (Sura ya 216). Mwanzoni mabaraza ya kata yalikuwa na mamlaka ya kuamua baadhi ya migogoro. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyaachia kazi ya usuluhishi tu. Mwanafunzi anayesoma nakala ya zamani isiyo na alama yoyote anaweza kumshauri ndugu yake kijijini asubiri uamuzi wa baraza ambalo halina tena uwezo wa kuutoa.

Sheria za mila: mfano wa Rungwe

Mahakama za mwanzo husikiliza pia mashauri ya sheria za mila. Katika wilaya ya Rungwe rufaa za mahakama hizo huenda Mahakama ya Wilaya mjini Tukuyu, kisha Mahakama Kuu huko Mbeya. Wakili au hakimu anayeshughulikia ardhi au urithi huhitaji kujua mila zilivyokuwa na zilivyobadilika.

Maandishi kuhusu mila za Wanyakyusa yapo, lakini mara nyingi hayako kwenye rafu za sheria. Kitabu cha Monica Wilson, Good Company (1951), huhesabiwa kuwa cha elimu ya jamii za watu. Utafiti wa P. H. Gulliver, Land Tenure and Social Change among the Nyakyusa (1958), unahusu umilikaji wa ardhi Rungwe, lakini unaweza kuwekwa kwenye uchumi. Msimamizi anayefahamu hilo huviacha vitabu mahali pake na kuagiza mada ya pili iongezwe katika rekodi: sheria ya mila, Tanzania. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini bila hiyo msomaji wa sheria hatavikuta.

Majina ya mahali nayo huleta utata. Wakati wa Wajerumani Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg. Wilaya ya Rungwe ya wakati wa Waingereza ilijumuisha pia eneo ambalo leo ni wilaya ya Kyela. Katalogi huunganisha majina hayo ili anayetafuta kwa jina moja apate yote.

Sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, katika Matangazo ya Serikali namba 279 na 436, nazo huhitaji rekodi zake. Zikijalidiwa ndani ya juzuu la mwaka mzima bila kutajwa, huwa vigumu kuzipata, ingawa zinahusu ndoa, ulezi na urithi.

Kazi ya msimamizi

Msimamizi hugawa kazi, hufundisha wasaidizi wapya na huamua kipi kitangulie pale vitabu vinaporundikana. Sheria mpya na marekebisho hutangulizwa kabla ya vitabu vya kiada vya ziada. Pia hutunza daftari la maamuzi, ili swali lililokwisha kujibiwa lisijibiwe tofauti mwaka unaofuata.

Majina ya waandishi huandikwa kwa namna moja. Profesa Chris Maina Peter, kwa mfano, huorodheshwa chini ya Peter, si Maina. Asiyejua huweza kuvigawa vitabu vyake sehemu mbili.

Programu za kompyuta kama Koha, iliyoanzia New Zealand, hurahisisha kunakili rekodi za maktaba nyingine. Hata hivyo rekodi iliyotoka nje haionyeshi kama sheria ya Tanzania imerekebishwa. Hilo hukaguliwa na mtu mwenye Gazeti la Serikali mkononi.