Hewa Baridi kwa Injini ya Tabo: Kazi ya Bati na Mkasi

Mwenye gari la mkopo halali usingizi mzito. Sisi jamaa sita wa kambi moja ya polisi mjini Kampala, maafande watano na mimi karani niliyesomea ualimu, tulilijua jambo hilo tangu siku tuliponunua basi letu dogo la dizeli lenye tabo. Siku za kazi hupeleka watoto shuleni. Mwisho wa juma huenda Kabale, mwendo wa kilomita 400 hivi, kuleta viazi na kabichi ambazo wake zetu huuza.

Safari ya tatu tuliona shida. Katika milima ya Kabale gari lilipungukiwa nguvu, likatoa moshi mweusi, na sindano ya joto ikaanza kupanda. Tulisimama kando ya njia. Mke wa sajini mmoja akaniuliza, "Mwalimu, injini hii ikipasuka, mkopo tutaulipa kwa nini?" Sikuwa na jibu.

Yafaa kwanza tuelewe kazi ya tabo. Ni feni mbili juu ya mhimili mmoja: moja huzungushwa na moshi utokao katika injini, nyingine huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Wazo hilo si geni. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipewa hataza yake mwaka 1905. Hewa ikiwa nyingi, dizeli huungua vizuri na nguvu huongezeka.

Lakini hewa ikishindiliwa hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Hewa ya nyuzi 30 ikishindiliwa kwa kiasi cha kawaida cha tabo za magari madogo yaweza kutoka ikiwa na nyuzi kama 100. Na hewa ya moto hutanuka: ujazo ni ule ule, lakini hewa iliyomo ni kidogo. Dizeli ikizidi hewa, moshi mweusi hutoka na joto la injini hupanda. Huko Kabale, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano.

Ndiyo sababu magari mengi ya tabo huwekewa kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula. Ni kama rejeta, ila ndani yake hupita hewa badala ya maji. Chetu kililazwa juu ya injini, chini ya viti vya mbele. Hapo upepo wa njiani haufiki, na joto la injini hukipanda kutoka chini. Kipoza kilikuwa kimegeuka kipashio!

Kosa letu la kwanza lilikuwa kutafuta dawa kubwa. Tulinunua intakula pana iliyokwisha tumika, tukaifunga mbele ya rejeta. Hewa ya injini ilipoa kweli, lakini rejeta ilikosa upepo na maji yakachemka kabla hatujafika Masaka. Tulikuwa tumemnyang'anya mmoja ili kumpa mwingine. Tukaifungua, tukarudisha ile ya zamani mahali pake.

Kisha tukaanza na kazi ndogo, na hizi ndizo zilizotuokoa.

Kwanza, tuliangalia uvujaji. Mipira miwili ilikuwa na nyufa, na klipu zake zimelegea. Tuliziba ncha za mabomba, tukaingiza upepo kidogo kwa pampu, tukapaka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likaonyesha penye tundu. Mipira mipya iwe ya aina inayostahimili mafuta na joto, kwani mpira wa rejeta huvimba ukiguswa na mafuta.

Pili, tulitengeneza njia ya upepo. Tulikata kielelezo kwa karatasi ya boksi, tukakijaribu chini ya gari mpaka kikakaa sawa. Ndipo fundi wa bati wa Katwe akakata alumini kwa mkasi, akakunja kingo zote zisikate mipira, akafunga kwa riveti. Mdomo wa njia hiyo uko chini ya bampa, una wavu wa kuzuia mawe na tundu la kutolea maji ya mvua. Ukubwa wake ni kama theluthi moja ya uso wa kipoza.

Tatu, tulifungia sponji ngumu pembezoni mwa kipoza, kwa nje, ili upepo usitoroke pembeni. Tuliacha pia njia ya upepo kutoka. Hewa haiingii mahali isipoweza kutoka.

Nne, tuliweka bati la kukinga joto kati ya kipoza na tabo, likiwa mbali kidogo na vyote viwili. Feni ndogo ya umeme, yenye fyuzi na rilei yake, husaidia gari likienda polepole.

Tulipima kabla na baada, kwa kipimajoto chenye waya kilichowekwa baada ya kipoza, kilima kile kile na mzigo ule ule. Mwanzoni kilionyesha nyuzi 81. Baadaye nyuzi 58. Tofauti hiyo huipa injini hewa zaidi kwa kama sehemu 7 katika 100. Si muujiza, lakini moshi ulipungua na sindano ya joto ikatulia.

Sasa maonyo. Usitumie bomba la plastiki la maji kwa hewa ya tabo. Hulegea kwa joto. Ukiosha ndani ya kipoza kwa mafuta ya taa, fanya mbali na moto, kisha ukikaushe kabisa. Injini ya dizeli ikivuta mafuta yaliyobaki humo yaweza kukimbia ovyo, na kuzima swichi hakutaisimamisha. Usiweke sponji wala kitambaa ndani ya njia ya hewa iendayo katika silinda. Tena usimruhusu mtu aongeze dizeli kwenye pampu kwa kuwa hewa imepoa. Faida yote itageuka joto. Kama maji ya rejeta yanapungua bila sababu, achana na bati, mwite fundi aangalie gasketi na silinda hedi.

Mkopo wetu haujaisha. Lakini Jumamosi iliyopita basi lilipanda milima ile na kurudi na magunia yote bila kusimama. Mke wa sajini aliketi mbele, macho kwenye sindano ya joto safari nzima. Tulipofika kambini alishuka, akagonga boneti mara mbili kwa kiganja, akaenda kuhesabu magunia yake.