Kuta Ambazo Ramani Haikuzichora

Ukitaka kujua familia za Eastlands zinaishije, usianze na ramani za serikali. Tazama kilichoongezwa baada ya mchoraji kwenda zake: chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya Jericho, ghorofa iliyopandishwa mbele ya nyumba ya Buruburu, pazia linalogawa chumba kimoja cha Kayole. Humo ndimo utakamosoma nani analea mtoto wa nani, nani hawezi kulala chini ya paa moja na nani, na mzee anaishi kwa kutegemea nini. Kwa takriban miaka mia moja, mtu wa nje amekuwa akiamua familia ya mashariki mwa Nairobi iwe na ukubwa gani, na kila mara wakazi wamemsahihisha kwa mbao, mabati na saruji.

Ukoloni ulianza kwa kukataa kwamba familia hiyo ipo. Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa mji, mwanamume aliyekuja kufanya kazi na ambaye mke na watoto wake wako mashambani. Ndiyo sababu Kariokor ilipojengwa mwaka 1929, wapangaji walitengewa mabweni ya kulala wanaume pamoja. Mabweni hayo hayakupendwa, na mwishowe yaligawanywa kuwa vyumba vidogo. Pumwani, mtaa uliotengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ulikwenda njia nyingine kwa sababu Waafrika walijijengea wenyewe. Walichagua nyumba ya Kiswahili ya pwani: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Wanawake wengi walikuwa miongoni mwa wenye nyumba hao, wakawa na makao yasiyotegemea mume wala shamba la baba. Katika mji uliojengewa makapera, ua huo ulikuwa mahali pa kulea watoto na kumwombolezea jirani. Hakuna ofisi iliyoupanga hivyo.

Miaka ya 1940 serikali ilianza kubadili mawazo. Kaloleni, pamoja na bustani zake na ukumbi wake wa jamii, ulikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kujengwa kwa kufikiria mke na watoto. Mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza mshahara ukadiriwe kwa mahitaji ya familia badala ya ya mtu mmoja. Mitaa ya Ofafa, iliyopewa jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953, ilijengwa katika hali hiyo. Lakini familia iliyokubaliwa ilikuwa ya baba, mama na watoto wachache, katika chumba kimoja au viwili. Waliohamia walikuwa Waluo, Waluhya, Wakikuyu na Wakamba, watu wenye miiko ya malazi. Kijana wa Kiluo akibalehe huhamia simba, yaani kibanda chake mwenyewe. Mkikuyu aliyetahiriwa hakai tena katika nyumba ya mama yake. Na mama mkwe kulala kwa mkwewe ni jambo zito. Mwiko haukufa kwa sababu ya ufinyu. Kijana alihamishiwa jikoni, kisha kwenye chumba cha mabati kilichoegemezwa ukutani, na hiyo ikawa simba ya mjini. Watoto nao walikulia nje, uwanjani, pamoja na wenzao wa makabila mengine, na si ajabu kwamba Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, ilikomaa katika mitaa hii.

Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970 na kuuzwa kwa mikopo ya nyumba, ilimlenga karani na mwalimu mwenye mke mmoja, sebule na geti lake. Leo kando ya barabara zake ni vigumu kuona nyumba iliyobaki kama ilivyochorwa. Ekstensheni zimejaza bustani. Wapo watakaosema hili halihusu ukoo hata kidogo, ni kutafuta kodi tu. Kodi ipo, na wala si aibu. Lakini tuulize inamfanyia nini mwenye nyumba. Mfanyakazi aliyestaafu bila pensheni ya kutosha hula kwa kodi hiyo. Bintiye aliyerudi na watoto hupewa chumba kimojawapo. Mpwa aliyekuja kusoma chuo hupewa kingine. Huko Dandora, mradi wa Benki ya Dunia wa mwaka 1975 ulilitambua hili kwa kiasi. Mtu alipewa ploti yenye choo na bafu, akaachiwa aongeze vyumba kadiri ya uwezo wake. Pesa na undugu vilijengwa katika ukuta mmoja, na anayevitenganisha hatazielewa nyumba hizi.

Pingamizi zito zaidi linatoka mitaa ya Pipeline na Tassia, kwenye maghorofa yaliyobanana ya nyumba za chumba kimoja kimoja. Sensa ya mwaka 2019 ilipata wastani wa watu 2.9 kwa kaya moja Nairobi, ilhali nchini kote ni 3.9. Je, hii si dalili kwamba ukoo umevunjika? Kaya ni ndogo, nakubali, na upweke upo. Lakini sensa huhesabu wanaokula chungu kimoja. Haihesabu ndugu wawili wanaopanga milango miwili ya ploti moja, wala mama wa ghorofa ya pili anayelea mtoto wa dadake wa ghorofa ya tano. Ukoo uliokosa ua umetandazwa kwenye ngazi. Ni mpango dhaifu zaidi, kwa sababu kodi ikipanda ndugu mmoja huhama na malezi hukatika.

Sitetei kila ukuta. Mabomba ya maji taka yaliyopimiwa familia moja hayawezi kubeba tano, na jengo lisilo na mhandisi huua. Hata hivyo, serikali inapobomoa mitaa ya zamani ili kujenga nyumba za bei nafuu, isirudie kosa la Kariokor la kupanga kabla ya kutazama. Wachoraji waende Jericho na Dandora wapime ekstensheni kabla tingatinga halijafika. Wachore nyumba yenye chumba chenye mlango wake wa nje, apate kukaa kijana, bibi au mpangaji, na waache ua wa kutosha kwenye kila jengo kwa watoto na msiba. Wakazi wameshawafanyia nusu ya kazi.