Maporomoko Kumi na Manne ya Mto Athi: Matembezi Mafupi Yenye Mafunzo

Watu wengi wa mjini hudhani kwamba mtu akitaka kuona mlima, mwamba na maporomoko ya maji hana budi kusafiri siku nyingi na kubeba mahema. Sivyo. Mahali ambapo Mto Athi wapita chini ya mlima wa Ol Donyo Sabuk, katika mpaka wa Machakos na Kiambu, yapo Maporomoko Kumi na Manne, ambayo hata mzee au mtoto wa shule aweza kuyafikia bila taabu. Kutoka Thika msafiri hufuata barabara ya Garissa kwa kilometa 20 na kidogo, kisha hugeuka kulia kuelekea mlimani. Baada ya hapo miguu yatosha.

Jina hilo lilitokana na hesabu. Wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache, mto hugawanyika juu ya ukingo wa mwamba, na kila mkondo huanguka peke yake. Mvua ikinyesha sana mikondo yote huungana ikawa pazia moja pana, na hapo hakuna awezaye kuhesabu.

Namna Maporomoko Yanavyofanyika

Maji hayachimbi mahali pote kwa kadiri moja. Yakipita juu ya mwamba mgumu huukwangua polepole mno, lakini yakifika penye mawe laini au yenye nyufa huyala upesi. Kwa hiyo mwamba mgumu hubaki juu kama kizingiti, na chini yake hufanyika shimo. Kokoto zinazozungushwa na maji husaga mwamba kama mchi ndani ya kinu. Ndiyo sababu katika mito ya milimani huonekana matundu ya mviringo yaliyolainika vizuri.

Milima mingi ya Machakos, kama vile Iveti na Mua, ni ya mawe ya kale sana ya jamii ya itale. Jua la mchana na baridi ya usiku huyapasua, na ngozi ya mwamba hubambuka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Mvua huchukua chembe zake na kuzipeleka mitoni, nazo ndizo mchanga mweupe unaojaa katika mito ya Ukambani. Mchanga huo ni mali. Mto uonekanapo mkavu juu, maji yamelala ndani ya mchanga, na akina mama huyachimbua humo. Kwa sababu hiyo watu wamejenga kuta za mawe na saruji kukata mito, ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji. Mchanga ukizolewa ovyo na kupelekwa mjini kwa malori, akiba hiyo ya maji huondoka pamoja nao.

Adabu ya Kutembea Mtoni

Wakati mwema wa matembezi ni Januari na Februari, au Juni na Julai, mvua kubwa zikiwa zimekwisha. Vaa viatu vyenye nyayo zisizoteleza, maana mwamba uliolowa na kuota ukoga huteleza kama sabuni. Usivuke juu ya maporomoko bila mtu wa mahali pale anayeujua mto. Tena kumbuka kwamba mafuriko ya Athi hutoka mbali: huenda jua likawaka hapo uliposimama, kumbe mvua imekwisha kunyesha huko juu. Ukiona maji yanabadilika rangi na kuanza kuleta takataka, toka mtoni mara moja.

Maji hayo yasinywewe kamwe. Mto wa Nairobi huingia katika Athi kabla ya kufika hapa, ukileta uchafu wa jiji. Chukua maji yako kutoka nyumbani. Atakaye kupanda mlimani, ambako kilele ni karibu meta 2,145, na ajue kwamba hiyo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1967 na kwamba mna nyati. Yampasa apate idhini langoni na afuatane na askari wa wanyama.

Rangi ya Maji

Jambo kubwa la kutazamwa ni rangi ya maji. Wakati wa mvua huwa mekundu, na wekundu huo ni udongo wa mashamba. Athi hushuka mpaka huitwa Galana, na mwisho Sabaki, ukamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Huko nako bahari hugeuka kuwa na rangi ya matope.

Watu wa Machakos waujua msiba huu. Katika miaka ya 1930 mmomonyoko ulikuwa umeharibu nchi yao vibaya. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni ilitaka kupunguza ng'ombe kwa nguvu, na Wakamba kwa maelfu wakaenda Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu, hata amri hiyo ikaachwa. Lakini kazi ambayo amri haikuweza kuifanya ilifanywa baadaye na wenye mashamba wenyewe. Kwa vikundi vyao vya mwethya walichimba matuta, hasa yale yaitwayo fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa wilaya ya zamani ya Machakos, iliyokuwa pamoja na Makueni, waliongezeka zaidi ya mara 5, na hata hivyo mmomonyoko ulipungua.

Basi, msomaji, utakapoketi juu ya mwamba ukisikiliza ngurumo ya maporomoko, yatazame maji kwa makini. Wazee walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Na udongo uliokwisha kufika Malindi hakuna awezaye kuurudisha Machakos. Dawa yake ni kuuzuia ukiwa ungali shambani.