Sirinji Hufuata Chupa

Tone moja la maji linaloning'inia mferejini lina takriban mililita 0.05. Lingekuwa insulini ya kawaida ya binadamu, lingebeba yuniti 5. Paka mwenye kisukari aghalabu huanzishiwa yuniti 1 asubuhi na 1 jioni, yaani kila mara sehemu ya tano ya tone hilo. Kwa kipimo kidogo hivyo, uchaguzi wa sirinji una uzito sawa na uchaguzi wa dawa. Lakini uchaguzi huo si rahisi Kiambu, kaunti ya ng'ombe wa maziwa na kuku. Agrovet za Thika na Ruiru zimezoea sirinji za mililita 5, 10 na 20, ambazo hazifai kabisa kwa insulini. Mwenye paka basi huishia kwenye duka la dawa za binadamu, na huko mhudumu humpa iliyo karibu na mkono.

Cha kutazama kwanza ni chupa. Insulini ya binadamu inayouzwa madukani huwa U-100: kila mililita ina yuniti 100. Ndivyo ilivyo hata kwa glargini ya chupa, aina ya insulini ambayo madaktari wengi wa paka huipendelea. Caninsulin, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa na paka, ni U-40. Kila nguvu ina sirinji yake, na kwa desturi ya U-100 huwa na kifuniko cha rangi ya machungwa na ya U-40 chekundu; lakini rangi ni desturi tu, soma maandishi. Ukivuta insulini ya U-100 kwa sirinji ya U-40 hadi mstari wa 1, umevuta yuniti 2.5. Sukari ya paka inaweza kushuka hadi alegee, apepesuke, ashikwe na degedege na hata kufa. Kosa la kinyume chake, insulini ya U-40 kwa sirinji ya U-100, halina kishindo, nalo ndilo linaloniogopesha zaidi: paka anapata yuniti 0.4, anaendelea kunywa maji na kukojoa kupita kiasi, na dozi inaongezwa kwa kudhani dawa ni dhaifu. Siku sirinji sahihi itakaponunuliwa, dozi ile iliyopandishwa itaingia mwilini nzima.

Wapo watakaobisha. Wa kwanza atasema hesabu ni nyepesi, kipimo kizidishwe au kigawanywe kwa 2.5. Kwenye karatasi, sawa. Lakini anayedunga asubuhi huenda siye anayedunga jioni, na hesabu iliyo kichwani mwa mmoja haisomeki kwenye bomba. Mwingine atashauri insulini ichanganywe na maji ya sindano ili kipimo kionekane kikubwa. Hapana: glargini hukaa muda mrefu mwilini kwa sababu ya uasidi wa kimiminika chake, na ukiichanganya unaivuruga.

Hoja nzito ni ya wanaosema sirinji ya U-100 ni U-100 tu, hata iwe ya ukubwa gani. Nguvu ni ileile, kweli, mistari siyo. Sirinji ya mililita 1 kwa kawaida huwa na mstari mmoja kwa kila yuniti 2, kwa hiyo yuniti 1 ya paka inaangukia mahali pasipo na alama, na jicho linabaki kukisia. Ya mililita 0.5 huwa na mstari kwa kila yuniti. Ya mililita 0.3 ina bomba jembamba zaidi, mistari yake imeachana vizuri, na zipo zenye alama za nusu yuniti. Hiyo ndiyo ya paka, kwa sababu daktari mara nyingi hupandisha au kushusha dozi kwa nusu yuniti. Sindano yake iwe fupi, ya milimita 8 hivi: ngozi ya paka ni nyembamba, na ndefu ikipenya kunjo la ngozi ikatokea upande wa pili, dawa itamwagika kwenye manyoya bila wewe kujua.

Ni kweli sirinji za mililita 0.3 si kila duka huwa nazo. Ila boksi la sirinji 100 hutosha siku 50, muda wa kutosha kumwomba mwenye duka aagize nyingine kabla hazijaisha. Nenda na chupa mkononi, ulinganishe maandishi yake na ya sirinji kabla ya kulipa. Ukikosa ya mililita 0.3, chukua ya 0.5. Ya mililita 1 irudishe.