Jina Moja, Silaha Mbili

Miongoni mwa maswali yanayowakabili wafasiri ni hili: jina la zamani likitwaliwa na kupewa kitu kipya, Kiswahili kiseme nini? Biashara ya silaha za wakusanyaji nchini Marekani inatupa mfano ulio wazi.

Mwaka 1955 kampuni ya Colt, ya Hartford katika jimbo la Connecticut, ilitoa bastola yenye silinda ya risasi sita, ikaiita Python. Wapenzi wa silaha waliisifu kwa chuma chake kilichong'arishwa kwa rangi ya samawati iliyokoza, na kwa ulaini wa mtambo wake wa kufyatulia. Uzalishaji ulikoma mwaka 2005, na bei ya zilizokuwapo ikapanda. Mwaka 2020 kampuni ilitoa tena bastola yenye jina lilelile. Umbo la nje lilifanana na la kwanza, lakini mtambo wa ndani ulisanifiwa upya, hata vipuri vyake vingi haviingiliani na vya ile ya zamani.

Hapa ndipo neno lisilo sahihi huleta hasara. Hati ikisema "Python ya zamani iliyotengenezwa upya", msomaji hajui kama silaha ni kuukuu iliyokarabatiwa, au ni mpya yenye jina la zamani. Mnunuzi aweza kulipia ya kwanza akapewa ya pili. Na karani wa leseni aweza kuandika maelezo yasiyolingana na silaha iliyo mbele yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu yatenganishwe. Kukarabati ni kuitengeneza silaha ileile iliyochakaa. Kuiga ni kuunda mfano wa silaha ya zamani; kitu hicho ni mwigo, hata kikiundwa kwa ustadi mkubwa. Kufufua jina ni mwenye jina kulirudisha sokoni kwa bidhaa mpya.

Jina lenyewe lisitafsiriwe. Ni kweli kwamba neno hilo la Kiingereza maana yake ni chatu, lakini atakayeandika "bastola ya Chatu" hataikuta katika orodha yoyote ya mtengenezaji. Tahajia ibaki ilivyo, na toleo litajwe: Python, toleo la kwanza, 1955 hadi 2005, au Python, toleo la 2020. Namba iliyochorwa katika chuma nayo inakiliwe bila kupunguzwa.

Tutafurahi kupokea maoni ya wasomaji juu ya istilahi hizi kabla hazijasanifishwa.