Suali la Mama Barazani

Ilipozinduliwa Mombasa, mwezi wa Oktoba 2019, chanjo ya kuwakinga wasichana wa miaka 10 na saratani ya mlango wa kizazi, dawa ilikuwa tayari na wauguzi walikuwa tayari. Asiyekuwa tayari ni mama aliyeketi barazani, ambaye bintiye alirejea kutoka shuleni na habari ya sindano, naye akaigeuzageuza habari ile asiseme ndiyo wala siyo.

Mama huyo si jahili wala si mkaidi, kwani mwanawe alipokuwa mchanga alimpeleka zahanati kwa chanjo ya surua na ya polio pasi na kuvutwa mkono. Lakini sindano hii imemjia binti peke yake, kakaye akaachwa. Na aliyesikia mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki wa Kenya wakiishuku chanjo ya pepopunda kuwa imetiwa dawa ya kufunga uzazi, dai lililokanushwa na serikali na Shirika la Afya Duniani, hana budi kuuliza. Tena ipo haya: virusi vya HPV, viletavyo saratani hii, huambukizwa kwa kujamiiana, na mzazi hudhani kwamba kuridhia ni kama kumfungulia mtoto mlango ambao yeye mwenyewe ameufunga kwa komeo.

Masuala hayo yana majawabu. Chanjo ni ngome, wala si tiba: virusi vikishaingia mwilini haivitoi, ndiyo sababu hutangulizwa utotoni, umri ambao mwili huunda kinga kwa wingi zaidi, na aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo zisababishazo takriban asilimia 70 ya saratani hiyo, ambayo humpata mwenye kizazi, na kwa hiyo binti akatangulizwa.

Rwanda, ilipoanza chanjo hii mwaka 2011, iliwafikia zaidi ya wasichana 9 katika kila 10 waliokusudiwa, maadam walimu, viongozi wa dini na wahudumu wa afya wa vijijini walikuwa wamekwisha kusema na wazazi kabla ya sindano kufika.

Kwani mama wa barazani hataki hotuba, ataka muuguzi amjuaye, akae naye mkekani, amsikilize mpaka mwisho, kisha alijibu lile suali ambalo aghalabu ndilo hukata shauri: “Na wako, umemchanja?”